Maji Yanaondoka, Maji Yanarudi: Siku Nne Jambiani



Juma lililopita, baada ya kikao, wengi mliniuliza: "Mwalimu, likizo kubwa yote ulikuwa wapi?" Niliahidi kujibu kwa maandishi, maana habari yenyewe ni ndefu na mwisho wake unatuhusu sisi wote tunaoishi kando ya ziwa.

Nilimsindikiza shangazi yangu, ambaye wengi mnamjua kwa sababu ya vitenge vyake. Yeye huenda Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo, na safari hii alitaka mtu wa kumsaidia kuhesabu na kuandika. Nikamchukua na binti yangu wa miaka 11. Tulivuka Rusizi, tukapita Kigali, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Rusumo, halafu basi mpaka miguu ikavimba. Kazi ya Kariakoo ilipokwisha, shangazi akasema: "Umefundisha jiografia miaka kumi na bahari hujaiona. Nendeni Zanzibar siku chache, mimi nawangoja."

Sitawadanganya: baharini niliugua. Ilikuwa mwezi wa saba, na miezi ile upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Meli hutumia karibu saa mbili, lakini kwangu zilikuwa kama siku mbili. Nilishika kiti kwa mikono miwili, nikasali. Binti yangu alikuwa dirishani, anacheka kila wimbi linapopiga.

Wengine kati yenu mnajua kwa nini ninaogopa maji. Nilipokuwa na miaka minane, dada yangu mkubwa alitoka Idjwi na mtumbwi uliojazwa watu na mizigo kupita kiasi. Mtumbwi ulipinduka. Dada hakujua kuogelea, na ndani ya chombo hakukuwa hata jile moja. Tangu siku hiyo mama yetu alituwekea sheria: hakuna mtoto wake atakayegusa ziwa. Nilikua ninaliona Kivu kila asubuhi bila kulowesha hata kifundo cha mguu. Na sheria ile ile nikampa binti yangu.

Mjini Unguja tulilala usiku mmoja. Jioni tulikwenda Forodhani, bustani iliyo kando ya maji, ambapo watu huuza pweza wa kuchoma, urojo na maji ya miwa. Vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka juu ya ukuta, wanapinduka hewani, watu wanapiga makofi. Binti yangu aliangalia muda mrefu, akaniuliza: "Mama, mbona wanaoruka ni wavulana tu?" Sikuwa na jibu.

Asubuhi tulipita Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Sasa pana kanisa. Mjini pia ipo nyumba ya Tippu Tip, yule aliyekuwa na nguvu kule Kasongo, Maniema. Nilisimama mbele yake nikawaza kwamba Kiswahili hiki ninachofundishia kilifika kwetu na misafara iliyotoka pwani hii, iliyochukua pembe za ndovu na watu wetu. Nilimweleza mtoto polepole. Kuna mambo ambayo mtoto wa Kongo anapaswa kuyasikia akiwa amesimama pale yalipotokea.

Kutoka mjini tulipanda daladala kwenda Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki. Njiani tulishuka kwenye msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Ni kima wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama za mzee aliyeamka sasa hivi. Porini huwapati mahali pengine duniani isipokuwa Zanzibar. Kiongozi wetu alitueleza kwamba kima hawa hula makaa! Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana sumu kidogo, na makaa husaidia tumbo. Alituomba tusiwasogelee wala kuwapa chakula, maana maradhi yetu yanaweza kuwaambukiza. Niliwakumbuka sokwe wetu wa Kahuzi-Biega. Sheria ni moja.

Tulifika Jambiani saa nane mchana, na hapo nikashangaa: bahari haikuwepo. Kuanzia miguuni pangu mpaka mbali sana palikuwa mchanga mweupe, madimbwi na majani, na wavulana wanacheza mpira pale ambapo asubuhi samaki walikuwa wanaogelea. Mbali kabisa, mstari mweupe wa mawimbi ulivunjika juu ya mwamba. Darasani nimefundisha mara nyingi kwamba mwezi huvuta maji, lakini Kivu letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana, kwa hiyo nilikuwa nafundisha neno tu. Pale maji huondoka na kurudi mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Wenyewe huita bamvua. Siku nyingine huita maji mafu. Wanawake wa kijiji hupanga kazi zao kwa kalenda hiyo, kama sisi tunavyopanga kwa siku za soko.

Kazi yao ni mwani. Ni jani la baharini linalopandwa kama shamba. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yakipwa, huingia na vigingi na kamba, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya majuma kama sita wanavuna, wanaanika, wanauza. Mwani unasafirishwa ng'ambo, unatiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingine vingi. Wengine wameanza kutengeneza sabuni wenyewe, maana mwani mkavu bei yake ni ndogo.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja anayelima mwani, mtu wa miaka hamsini na kitu. Shangazi alikuwa amemfundisha binti yangu "shikamoo" ndani ya basi, na mtoto aliitoa vizuri. Yule mama aliitikia "marahaba" akafurahi sana. Halafu akaanza kucheka Kiswahili changu. Nilimwambia kwetu "iko maji mingi", akanirudisha: "Pana maji mengi, mwanangu." Nilimwambia chakula chetu kikubwa ni sambaza. Akauliza: "Mnasambaza nini?" Nilipomweleza ni samaki wadogo, akasema: "Ah, dagaa!" Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinatuita watu wa sambaza.

Siku ya pili alitupeleka shambani kwake. Tulivaa viatu vya plastiki, maana kuna mdudu wa bahari mwenye miiba mirefu myeusi, akikuchoma utakumbuka. Katika madimbwi tuliona nyota za bahari, kaa, samaki wadogo wa rangi zote. Wanawake wengine walikuwa na vijiti wanatafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba. Binti yangu alitaka kumwinua nyota apigwe picha, na yule mama akamzuia: "Muache majini, mjukuu wangu. Ukimtoa anakufa." Maji yalinifika magotini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani.

Jioni ngalawa zilirudi. Ngalawa hutengenezwa kwa gogo la mti lililochongwa, mara nyingi mwembe, na pande zote mbili huwekwa miti inayoshika mbao mbili za kuelea, ili chombo kisipinduke. Katikati pana mlingoti na tanga la pembe tatu. Nilimwuliza mvuvi mmoja kwa nini wanahangaika na zile mbao za pembeni. Akajibu: "Mama, bila hizo, upepo huu ungetuzika." Nikakumbuka mitumbwi ya wavuvi wetu wa sambaza, ile mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka jioni kwa nyimbo. Wazee wetu pia walijua kwamba chombo kimoja chembamba peke yake hakitoshi. Anayesahau ni yule anayejaza watu na magunia katika mtumbwi mmoja.

Usiku, tukila wali wa nazi na samaki, nilimweleza yule mama habari ya dada yangu. Nilidhani atasema kwamba wao, watu wa bahari, hawana hofu hiyo. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mimi nimefanya kazi ndani ya maji zaidi ya miaka ishirini bila kujua kuogelea. Maji yakirudi haraka, nilikuwa nakimbia huku nalia." Alieleza kwamba huku pwani pia kuogelea kulihesabiwa kuwa jambo la wanaume. Lakini maji ya karibu yamezidi joto, mwani unakufa, na baadhi yao wamelazimika kulima mbali zaidi, penye kina. Ndipo akakubali kufundishwa na wanawake wenzake, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, amevaa nguo zake za heshima. Akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka nyumbani: "Mama yako alikukataza maji kwa mapenzi. Lakini siku mtumbwi ukipinduka, katazo halielei."

Siku ya tatu, maji yalipojaa, aliingia pamoja nasi. Ndani ya mwamba bahari hutulia, na tulisimama pale maji yalipofika kifuani. Alimlaza binti yangu chali, mkono wake chini ya mgongo: masikio ndani ya maji, tumbo juu, macho mbinguni, pumua polepole. Kisha akatoa mkono. Mtoto alibaki juu. Nilipiga kelele, nikadhani anazama, kumbe anacheka.

Halafu ikawa zamu yangu. Mara ya kwanza nilimeza maji ya chumvi. Mara ya pili nilimshika shingo nikakaribia kumzamisha. Mara ya nane au ya tisa nilielea kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Mbingu ilikuwa kubwa sana. Nilimlilia dada yangu, na hakuna aliyejua, kwa kuwa uso wangu wote ulikuwa na maji.

Sijawa mwogeleaji. Najua kuelea tu. Lakini binti yangu siku ya nne alikuwa tayari anakwenda hatua chache kwa mikono na miguu.

Akina mama, ndiyo sababu ninaandika. Sisi na watoto wetu tunavuka ziwa kila juma kwa soko, kwa masomo, kwa misiba. Naomba tuanze na haya:

Tusipande chombo kilichojaa, hata kama mizigo itachelewa. Tumdai mwenye mtumbwi jile, na mtoto wetu avae kabla ya chombo kuondoka. Tusimfunge mtoto mgongoni kwa kitenge tukiwa juu ya maji, maana chombo kikipinduka hatutaweza kumfungua. Na watoto wetu, wasichana pamoja na wavulana, wafundishwe kuelea, karibu na ufuko, pamoja na mtu mzima anayejua. Mahali tuchague vizuri: tuwaulize wenyeji kwanza, kwa sababu kando ya Kivu kuna sehemu zenye mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua bila harufu.

Nimemwomba mwenyekiti wetu nafasi katika kikao kijacho. Ningependa tuangalie kama sehemu ya likelemba yetu inaweza kununua majile machache, ambayo mama anayesafiri atayachukua na kuyarudisha. Nimekwisha kuongea na mama yangu pia. Alinyamaza sana, halafu akauliza: "Na huyo mtoto, alielea kweli?" Nikamwambia kweli. Akasema: "Basi siku moja nipelekeni nikamwone."

Tutakwenda naye Jumapili, baada ya ibada.