Hukumu ya Othello

Msomaji wangu, yako makosa ambayo mtu huyacheka kitabuni, kisha huyatenda nyumbani. Nilipokuwa kijana wa umri wako nilisoma mchezo wa kuigiza wa William Shakespeare uitwao Othello, ambao ulionyeshwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza huko London tarehe 1 Novemba, 1604. Nilimcheka jemadari aliyemwua mke wake kwa ajili ya kitambaa cha mkono. Niliona kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kudanganywa kwa jambo dogo kama hilo. Kabla mwaka haujaisha, mimi mwenyewe nilidanganywa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kwanza nikukumbushe kisa. Othello alikuwa mtu mweusi, jemadari wa majeshi ya Venice, mji wa Italia uliotajirika kwa biashara ya bahari. Venice ilimhitaji vitani, lakini haikumhesabu kuwa mwana wake. Wengi walizoea kumtaja kwa asili yake kuliko kwa jina lake. Alipomwoa kwa siri Desdemona, binti wa mzee mmoja wa baraza aitwaye Brabantio, maadui zake walimwamsha mzee huyo usiku, wakamfananisha mkwe wake na mnyama. Brabantio ndiye aliyekuwa akimkaribisha Othello nyumbani kwake ili asikie habari za safari na vita vyake. Alimpenda kama mgeni. Hakuweza kumvumilia kama mkwe. Akaenda kushitaki kwamba binti yake amelogwa, kwani aliamini kuwa bila ya uchawi msichana wake hawezi kumpenda mtu wa rangi ile.

Tazama jinsi baraza lilivyofanya. Mtawala wa Venice hakutoa hukumu kwa neno la mshitaki peke yake. Alimpa Othello nafasi ya kujitetea, naye Othello akaomba jambo moja: mkewe aitwe, aseme mwenyewe mbele ya baba yake, na ikiwa ataonekana ana hatia, avuliwe cheo na kuuawa. Desdemona akaitwa, akasema kwamba alimpenda mumewe kwa hiari yake. Shitaka likaanguka. Ni kweli kwamba baraza lilikuwa na haja na upanga wa Othello, maana merikebu za Waturuki zilikuwa zikielekea Cyprus. Hata hivyo, lilisikiliza. Shahidi mmoja aliyeulizwa aliiokoa roho ya mtu.

Sasa mtazame Othello alipokuwa yeye ndiye hakimu. Huko Cyprus, mshika bendera wake, Iago, alikuwa na kinyongo kwa sababu cheo cha unaibu alipewa Cassio. Watu wote walimwita Iago mwaminifu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Hakuja na uongo mkubwa kwa mara moja. Aliuliza swali, akanyamaza. Alianza neno, akalikata. Alijifanya hapendi kusema. Kisha akagusa mahali penye kidonda. Alimkumbusha Othello kwamba Desdemona alimhadaa baba yake ili aolewe. Akadokeza kwamba mwanamke aliyekataa wachumba wa nchi yake na wa rangi yake ana kasoro katika tabia, na huenda siku moja atajuta na kuwarudia watu wa kwao.

Hapa ndipo mchezo wote unapogeuka. Othello alipobaki peke yake hakujiuliza kama Iago asema kweli. Alijiuliza kama weusi wake na umri wake ndivyo vilivyomchosha mkewe. Dharau aliyoishinda barazani ilikuwa imejificha moyoni mwake. Brabantio alisema kwamba Desdemona hawezi kumpenda mtu mweusi. Sasa Othello mwenyewe alianza kuyakubali maneno yale. Mtu aliyeaminishwa kuwa hastahili kupendwa huwa mwepesi wa kuamini kuwa hapendwi. Mlango ambao wivu uliingilia ulifunguliwa na ubaguzi.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa tu. Desdemona alikidondosha, Emilia, mke wa Iago, akakiokota na kumpa mumewe. Iago akamwambia Othello kwamba amemwona Cassio akijifuta ndevu kwa kitambaa hicho, hali yeye mwenyewe ndiye aliyekificha. Mwamba ngozi huvutia kwake, lakini Othello hakulikumbuka hilo. Baadaye alimwuliza Emilia, naye akaapa kuwa Desdemona ni safi. Lakini hukumu ilikuwa imekwisha katwa, na kiapo chake kikahesabiwa kuwa hila. Usiku wa mwisho Desdemona aliomba Cassio aitwe, aulizwe. Ni ombi lile lile aliloomba Othello barazani. Venice ilimkubalia yeye. Yeye hakumkubalia mkewe. Emilia alipoifichua kweli, Desdemona alikuwa amekwisha kufa, na Othello akajiua.

Hukumu ya namna hii haikuishia ndani ya mchezo. Iliwapata hata waigizaji wake. Kwa zaidi ya miaka mia mbili Othello aliigizwa London na Wazungu waliojipaka rangi. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York, alipoiigiza nafasi hiyo katika ukumbi wa Covent Garden mwaka 1833, baadhi ya magazeti yalimtukana kwa rangi yake. Mwaka 1943 Paul Robeson aliiigiza New York, na mchezo ukaonyeshwa mara 296. Mwaka 1987 John Kani aliiigiza Johannesburg, wakati sheria za ubaguzi zilipokuwa bado zinaitawala Afrika ya Kusini.

Lakini usiseme, msomaji, kwamba haya ni mambo ya weupe na weusi tu. Shuleni nilikuwa na rafiki wa kabila jingine, tukilala bweni moja na kusoma kwa taa moja. Siku moja kalamu yangu ya wino, zawadi ya marehemu babu, ilipotea. Mwanafunzi mmoja alininong'oneza kwamba amemwona rafiki yangu akiandika kwa kalamu kama ile. Nilipositasita, akaongeza kwamba watu wa kabila lile ndivyo walivyo. Neno la kwanza halikunishinda. La pili ndilo lililonishinda, kwa sababu nilikuwa nimelisikia tangu utoto, hata nikalidhani kuwa kweli. Sikumwuliza rafiki yangu. Niliacha kula naye, nikaacha kusema naye, nikawaambia na wengine. Likizo ilipofika niliikuta kalamu nyumbani kwa shangazi, katika mfuko wa koti langu la zamani.

Niliporudi nilimwomba radhi, akaipokea. Akaniuliza neno moja tu: "Mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Tulimaliza masomo tukisalimiana vizuri, lakini hakuketi tena karibu nami.

Basi, ukiletewa neno baya juu ya mtu, mtazame kwanza mleta neno, ujue anatafuta nini. Kisha uulize moyo wako: je, ningeliamini neno hili upesi hivi kama lingesemwa juu ya ndugu yangu? Halafu mwite anayesemwa, umsikilize kabla hasira haijakuziba masikio. Othello hakupungukiwa na ushujaa wala mapenzi. Alipungukiwa na swali moja, lililoulizwa kwa wakati wake na kwa moyo ulio tayari kusikia jibu. Mimi nililikosa swali hilo hilo, nikampoteza rafiki kwa ajili ya kalamu ambayo haikuibwa.