Shati Moja, Kipande cha Sabuni

Kwetu Usevya hakujawahi kuwa na klabu ya watu wanaokaa uchi, na atakayethubutu kuisajili leo ataitwa ofisi ya kata kabla wino haujakauka. Sisi tulikuwa na mto. Wanaume chini ya kivuko, wanawake juu penye miamba, na katikati kichaka ambacho hakuna aliyekipita bila kupiga hodi. Hapakuwa na kadi, hapakuwa na ada. Ila ukikosekana siku mbili tatu, watu walifika kwako kuuliza kama ni homa.

Nasema habari za mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa. Mwaka 1983, serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa adimu, jambo la kunong'onezana. Aliyepata mche aliukata kwa uzi, akaja mtoni na kipande, na kipande hicho kilizunguka mikono ya wanaume wote waliokuwapo kabla ya kumrudia kikiwa chembamba kama ukucha. Siku sabuni ilipokosekana kabisa, tulijisugua kwa dodoki na majani ya mpapai.

Halafu nguo. Wengi wetu tulikuwa na shati moja la kazi na suruali moja. Unatoka majarubani tope limefika magotini, unafua, unaanika kichakani, kisha unangoja jua lifanye kazi yake. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kikao. Watu wazima wameketi juu ya mawe kama walivyozaliwa, wanazungumza bei ya mpunga, posa ya fulani, ng'ombe walioingia shamba la nani. Shikamoo haikusubiri nguo: mzee aliitikia marahaba povu likiwa kichwani, akaendelea kusugua visigino. Macho nayo yalikuwa na adabu yake. Ulimtazama mtu usoni, au ulitazama maji.

Hata hivyo mwili wa mwenzako uliujua: kovu la shoka, jipu lililokataa kuiva, mbavu zilizoanza kuhesabika. Palikuwa na dresa mmoja mstaafu aliyekuwa akitukagua bila kuonekana anatukagua. Ndiye aliyewaambia watu, pale pale mtoni, waende zahanati wakapimwe kichocho. Kichocho chenyewe tulikipata kwenye maji hayo hayo. Mabwana afya walitukataza tusiingie, na walikuwa na haki.

Ukiuliza nani alikivunja kikao, utatajiwa dini, shule, haya. Mimi lawama naitupia mitumba. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia 1984, marobota yakaja mpaka magulioni kwetu, na mtu akapata shati la pili. Mwenye shati la pili hangoji. Anaoga, anavaa, anaondoka. Baadaye pampu za visima, bafu la mabati nyuma ya nyumba, ndoo ya plastiki. Simu za kamera zikawamalizia wale wakaidi wachache, maana nani atavua mbele ya kijana wa bodaboda aliyeegesha kivukoni simu mkononi? Na maji yenyewe siku hizi ni ya kubahatisha. Hata Mto Katuma, unaoingia Hifadhi ya Katavi, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Mabanio na mifereji ya mpunga huko juu imeufanya ukauke kiangazi, viboko wakarundikana topeni. Kiboko akikosa pa kuoga, sembuse mtu na dodoki lake.

Na wenye klabu nao wamepungua. Ujerumani, wanaovua kwa hiari wana shirikisho kamili, lililoundwa 1949. Mwaka 2024 lilifuta sherehe ya kutimiza miaka 75 kwa sababu waliojiandikisha walikuwa wachache mno. Wanachama, waliokuwa 65,000 robo karne kabla ya hapo, walikuwa wamebaki chini ya 34,000. Nilicheka, kisha nikawaonea huruma. Lakini wale wana makabati yaliyojaa. Sisi tulivua kwa kuwa nguo ilikuwa imelowa. Dhiki ni vigumu kuililia, na mke wangu, aliyekuwa upande wa miamba, haililii hata kidogo. Yeye anakumbuka kupanda ule mteremko na ndoo kichwani.

Kinachoniuma ni kimoja. Rafiki yetu alipungua mwili karibu mwaka mzima ndani ya koti, sisi tukisalimiana naye barabarani, habari za leo, nzuri. Tulijua siku alipopakiwa garini kupelekwa Mpanda. Mtoni tungemwona mapema, na yule dresa angemfokea.

Juzi nikamgusia mzee mwenzangu mmoja wa kivukoni kwamba masika yakija twende, hata mara moja tu, tukakae.

"Una mashati mangapi siku hizi?" akaniuliza.

"Sijahesabu. Labda manane."

"Sasa utakaa uchi ukingoja nini?"