Nilikwenda Mwanza Kutafuta Haradali

Mwaka jana parokia yetu, iliyo kando ya Ghuba ya Mwanza, ilipata habari ya mgeni: padre mzee kutoka Ufaransa. Akina mama wa jumuiya waliingiwa na hofu. Mmoja alisema amesikia kwamba Wafaransa hawali bila haradali. Basi wakachanga shilingi zao za kuuza nyanya na dagaa, wakanikabidhi mimi karani. Wakaniambia, "Mwalimu, nenda Mwanza, usituaibishe."

Alfajiri nikapanda gari. Tulipita karibu na Bukumbi, mahali ambapo Mapadre Weupe walianzisha misioni mwaka 1883, baada ya kuondoka Uganda. Shirika lao liliundwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, Mfaransa. Nilijiuliza njiani: wale wa kwanza walikula nini hapa, mbali hivyo na kwao?

Mjini, penye mawe makubwa yaliyobebana kando ya maji, niliingia duka la vyakula vya kigeni. Haradali nikaiona: kichupa kama ngumi ya mtoto, kimeandikwa Dijon. Huo ni mji wa Ufaransa uliosifika kwa haradali. Mbegu husagwa pamoja na siki au divai nyeupe, hata ziwe uji mzito wa manjano, wenye ukali unaopanda puani. Muuzaji alipotaja bei, nikahesabu fedha za akina mama. Kichupa kile kingemeza karibu zote, na mchele na mafuta tusipate. Nikakirudisha mahali pake, lakini moyo ulinidunda, maana niliogopa aibu.

Nikashuka Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwaloni. Hapo mama ntilie mmoja alikuwa akikaanga sato. Niliona kwamba ndimu hakuitia motoni. Kila mlaji alipewa kipande chake akamulie mwenyewe, pamoja na pilipili na chumvi kidogo. Watu wanakula na kulamba vidole. Nikasema moyoni, shauri limekwisha. Nikanunua mchele, mafuta, ndimu, pilipili mbuzi na chumvi, nikarudi.

Siku ya mgeni ikafika. Sato walichemshwa kwa nyanya na vitunguu. Chungu kilipoepuliwa, mpishi akatia chumvi, akakamulia ndimu. Padre akala, akaomba ndimu tena. Kisha akatusimulia habari za kwao Guérande, pwani ya Ufaransa. Huko maji ya bahari huingizwa katika mabwawa ya udongo yasiyo na kina, jua na upepo vikayakausha. Siku njema, juu ya maji hutanda utando mweupe mwembamba, nao huitwa ua la chumvi. Zamani kuukusanya ilikuwa kazi ya wanawake. Chumvi hiyo haipikwi, bali hunyunyizwa chakula kikiwa tayari.

Mzee wetu mmoja akacheka. "Padre," akasema, "ziwa letu ni kubwa, lakini maji yake hayana chumvi. Babu zetu walikwenda kwa miguu, makundi makundi, mpaka Ziwa Eyasi, wakarudi na mizigo yao. Bibi zetu walitia kidogo kidogo, isipotee hata punje."

Padre akainuka, akamshika mkono. Akina mama wakatazamana, na hofu yao ikaisha pale pale.

Ndugu zangu, haradali si kitu kibaya; Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa punje yake. Lakini chakula hukamilishwa na mkono unaojua wakati. Tunazo ndimu, pilipili, karanga za kusaga na samli. Na chumvi, nunueni yenye madini joto, yanayozuia uvimbe wa tezi shingoni. Itunzeni katika chombo chenye kifuniko. Itieni chungu kinapokaribia kuepuliwa, kwa kuwa moto mrefu hupunguza madini hayo. Wala msizidishe, maana chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Fedha zilizobaki niliwarudishia akina mama mbele ya Padre Paroko, tukazihesabu pamoja. Wakanunulia mishumaa ya altare.