Antivirusi ya 2016, Apdeti ya Usiku Mmoja: Kilichomkuta Kijana wa IT Vingunguti

Jumatano moja asubuhi, kwenye ghala moja la vifaa vya ujenzi kule Vingunguti, Dar, dada wa uhasibu aliwasha kompyuta yake kisha akatoka kufuata chai na chapati mbili kwa mama ntilie. Aliporudi, kioo chote kilikuwa cha bluu. Akazima, akawasha. Bluu. Mara ya tatu, bluu tena. Akapaza sauti: "Kaka, hebu njoo uone huku!"

Kaka mwenyewe ni kijana wa IT, miaka 24, mkataba wa miezi mitatu uliokuwa umebakiza wiki mbili. Kabla hajafika mezani, bosi kashatokea.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Umegusa nini wewe?"

Hakuna aliyegusa chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Iko hivi. Microsoft hutoa maboresho ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa za huku kwetu yanaanza kuingia Jumanne usiku, watu wanayakuta Jumatano. Sasa antivirusi ya pale ofisini ilinunuliwa 2016, leseni ikaisha 2018, na tangu hapo hakuna aliyetoa hata shilingi. Lakini kile kialama chake bado kilikuwepo pale chini karibu na saa, kwa hiyo kila mtu alijua analindwa.

Antivirusi si kama programu ya kuandikia barua. Yenyewe inajichimbia ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, ili ione kila faili linalofunguliwa. Windows ikibadilika huko ndani na yenyewe ikabaki ya zamani, wanaweza kugongana. Wakigongana huko chini, mashine nzima inalala.

Na wala si mambo ya Vingunguti tu. Januari 2018, wakati wa ule udhaifu wa prosesa ulioitwa Meltdown, Microsoft ililazimika kuzuia apdeti isiende kwenye kompyuta zenye antivirusi ambazo hazijathibitishwa kuendana nayo, maana mashine zilikuwa zinagoma kuwaka.

Kijana akaiwasha ile kompyuta kwa njia ya dharura, akaiondoa apdeti. Ikapona. Dada akafurahi, bosi akanyamaza. Alhamisi asubuhi, bluu. Apdeti ilikuwa imejirudisha yenyewe usiku.

Hapo bosi akapata suluhisho lake: "Zima hizo apdeti zote. Milele."

Jamani, hapa ndipo kijana alipopata jasho. Kumbishia bosi huku mkataba umebaki wiki mbili si mchezo. Lakini alikuwa anajua habari ya WannaCry. Mei 2017 kirusi kile kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai hela, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya watu, wakati kinga yake Microsoft ilishaitoa tangu Machi. Kwa hiyo akajibu taratibu: "Bosi, apdeti siyo mwizi. Tatizo ni mlinzi wetu, amezeeka na amelala getini. Tumtoe yeye. Windows ina antivirusi yake ya bure, hii ya zamani ikitoka yenyewe itaamka."

"Haya, itoe."

Akabonyeza kuiondoa. Ikamuuliza paswedi.

Paswedi ya kuondoa antivirusi! Iliwekwa na jamaa wa IT aliyekuwepo kabla yake, ambaye aliondoka vibaya na siku hizi anauza simu Kariakoo. Kijana akampigia Alhamisi nzima, simu haipokelewi. Ijumaa ndiyo siku ya malipo ya vibarua 40, na orodha yote, majina, siku walizofanya kazi na namba za simu za kutumiwa hela, imo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Hakuna nakala popote. Dada alikuwa akisema kila mwezi anunuliwe diski ya kuhifadhia, anajibiwa bajeti hakuna.

Ijumaa saa kumi jioni vibarua wamejaa getini. Mmoja anasema mwenye nyumba anamsubiri. Mwingine mtoto hana dawa. Kuwaelezea habari za kiini cha Windows ni sawa na kuwatukana.

Saa kumi na mbili jamaa wa Kariakoo akapokea. Akacheka sana, kisha akasema, "Mdogo wangu, andika. Herufi ndogo zote, usiache nafasi." Kijana akawa anaandika huku anasoma kwa sauti, bosi kasimama nyuma yake.

"l-i-p-e-n-i... m-s-h-a-h-a-r-a... w-a-n-g-u."

Ofisi nzima kimya. Dada akainamia chapati zake. Paswedi ikakubali.

Antivirusi ikatoka, ile ya Windows ikaamka, apdeti ikaingia na kioo kikawaka vizuri. Lakini mpaka orodha inahakikiwa, ilishakuwa usiku. Vibarua walilipwa Jumamosi saa nne asubuhi. Baadhi walishakopa kwa riba usiku ule, na riba hiyo hakuna aliyewarudishia.

Jumatatu diski ya nakala ikanunuliwa. Bei yake haifiki hata nusu ya malipo ya siku moja ya vibarua wale. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mkataba wa kijana? Bosi alisema "tutaongea". Na yule wa Kariakoo alitumiwa ujumbe aje ofisini kuzungumzia deni lake. Alijibu kwa neno moja: "Apdeti?"

Haya wadau, ofisini kwenu ile antivirusi iliwekwa mwaka gani, na paswedi anayo nani?