Matone mawili kwa dakika, Kilifi

Hori ya Kilifi ikipwa wakati wa bamvua, mashua za tanga zenye injini huachwa mchangani, zimeegemezwa magogo. Baba mmoja na bintiye wa darasa la sita wana saa chache tu kabla maji hayajajaa.

Juzi usiku ngama ilifurika hadi kwenye mbao za sakafu. Mama akasema wanawe hawapandi tena.

Maji yanapenya tezi, shafti ya propela inapotokea. Huko huzibwa kwa paking, kamba iliyolowa grisi. Baba anachomoa pete zilizochakaa. Binti ndiye anayeingiza mpya, maana mkono wake mdogo unapita. Kila kiungo anakigeuzia upande mwingine, maji yasipate njia moja. Kukaza nati ndiko kunakowashinda mafundi wengi: ikikazwa mno, shafti hupata moto na kulika. Ikizunguka, sharti idondoshe kidogo.

Maji yanajaa, mashua inaelea. Injini inanguruma. Binti anamulika ngama kwa tochi, anahesabu kwa sauti.

“Moja… mbili.”

Dakika imekwisha. Mama, ufukweni, anavua viatu.