Bonde la Lushoto, Yanakotoka Maji Yetu

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Lushoto? Ukisimama Mombo, mkoani Tanga, unaona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Hapo unapanda gari. Barabara inapindapinda kwa kilometa 33 hivi. Njiani utapita Soni, uone maji yakianguka juu ya mawe. Yaangalie vizuri. Mto huo ndio unaoshuka kumwagilia mpunga wetu wa Mombo.

Mimi ni Bwana Shamba wa huku chini. Januari nilipanda kukaa siku tatu katika kijiji kimoja karibu na mji wa Lushoto. Sikwenda kutembea tu. Mvua za vuli zilikuwa zimejaza matope katika mifereji yetu, na tulikuwa tumeyazoa kwa siku nne. Nilitaka kujua yanatoka shamba la nani.

Mji wa Lushoto uko meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda meta 100, joto hupungua kwa nusu digrii au zaidi kidogo. Jambo hilo nimelifundisha mara nyingi. Lakini mimi mwenyewe nilikwenda na shati moja jepesi! Usiku nilitetemeka mpaka mama mwenye nyumba akanipa blanketi la pili na kuniweka karibu na moto. Wewe ukienda, chukua sweta.

Asubuhi bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe. Saa tatu hivi jua lilipanda juu ya mlima, ukungu ukaondoka, na bonde lote likang'aa. Chini kando ya mto niliona kabichi, karoti na pilipili hoho. Juu yake kulikuwa na mahindi na migomba. Plamu zilikuwa zimeiva. Nilikula nyingi kuliko inavyofaa mgeni.

Mzee mwenyeji wangu alinipeleka shambani. Upande wa mlima amechimba mifereji inayofuata usawa wa ardhi, na udongo ameutupa upande wa juu. Njia hii huitwa fanya juu. Usawa aliupima kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, uzi na jiwe. Juu ya matuta amepanda majani ya gwatemala. Mizizi yake hushika udongo, na majani analisha ng'ombe wake zizini.

"Bwana Shamba," aliniambia, "miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha baba zetu kuchimba matuta. Waliyachukia. Haya yangu nimeyachimba mwenyewe, kwa sababu ng'ombe anakula."

Nilifurahi. Kisha tukashuka mtoni. Hapo nikanyamaza. Karoti zake zilifika mpaka ukingoni kabisa. Karoti hutaka udongo laini, uliopondwa vizuri, na udongo wa namna hiyo huchukuliwa upesi na mvua. Matope yetu niliyaona pale, ndugu msomaji, katika shamba la mtu aliyenipa blanketi.

Nilimweleza habari za mifereji yetu. Nilimweleza pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Ndani ya meta 60 kutoka mtoni, sheria inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mto. Mzee hakukasirika. Alitembea kutoka ukingoni hadi mwisho wa shamba lake la bondeni, huku akihesabu kwa sauti. Hatua 40.

"Karoti hizi ndizo ada ya shule," alisema. "Nikiliacha shamba hili, ninyi wa Mombo mnaokula wali kwa maji haya mtanipa nini?"

Sikuwa na jibu. Mafunzo yangu ya kilimo hayakuwa na somo hilo.

Siku ya tatu mimi, yeye na kijana wake tulipima hatua tano kutoka ukingoni. Tuling'oa karoti zilizokuwapo, tukapanda gwatemala mistari miwili. Sheria inataka zaidi ya hapo, naye anajua. Niliporudi, mama alinifungia plamu katika kikapu. Swali la Mzee nimelipeleka kwa wenzetu wenye mashamba ya mpunga. Tutalizungumza katika mkutano wa mwezi ujao, kabla ya mvua za masika.