Kodi ya Miezi Sita Umelipa, Paka Wako Je?

Leo tuwaache mastaa wapumzike, tuongee ya kwetu sisi wa nyumba za kupanga.

Huku kwetu Tumbi, Kibaha, ukitafuta chumba unaulizwa maswali mpaka unajiona kama unaomba kazi. Dalali atataka kujua umeoa au bado, watoto wangapi, unafanya kazi gani, una redio kubwa? Ukifika kwa mwenye nyumba naye anaongeza ya kwake: geti linafungwa saa nne, LUKU mnachangia, maji ya kufulia yasimwagwe mlangoni. Mi nimeshahama nyumba tatu na hakuna hata moja niliyoulizwa kama nina mnyama. Wapangaji nao wanakaa kimya. Mtu analipa miezi sita kwa mkupuo, elfu hamsini mara sita, laki tatu hiyo imeondoka, halafu siku ya kuhamia anashusha kitanda, jiko la gesi na boksi lenye paka ndani. Hapo ndiyo utasikia, "Humu hatufugi." Kwenye mkataba hakuna. Kwenye maelezo ya dalali hakuna. Sharti limezaliwa siku hiyohiyo mbele ya boksi.

Kiukweli kwa paka huwa inapita. Mama mwenye nyumba atanuna siku mbili tatu, akikamatwa panya buku mmoja tu jikoni, wiki inayofuata unasikia "paka wetu hajala". Na kwa Waislamu paka hana kesi, anaingia mpaka msikitini. Yule sahaba Abu Huraira jina lenyewe alilipata kwa kupenda paka. (Ila kuna wenye nyumba wanasema hawataki wanyama kabisa, na kuku wao kumi na tano wanalala juu ya nguo zetu kwenye kamba. Nyie, tuwaache.)

Mbwa sasa. Mbwa ndiyo kazi.

Wapangaji wengi wa Tumbi ni watu wa hospitali ya rufaa ya mkoa, wanachuo wa afya na wafanyakazi wa Shirika la Elimu. Watu wa hospitali wana zamu za usiku. Ukitoka barabara ya Morogoro ukaingia ndani kidogo, kati ya nyumba na nyumba kuna viwanja havijajengwa, majani mpaka kiunoni. Nyoka wapo, vibaka wapo. Kwa hiyo ukisikia dada anayeishi peke yake anataka mbwa, usidhani anaiga maisha ya Instagram.

Nyumba ninayokaa ina vyumba sita na uani ni pamoja. Chumba cha tatu alikuwa anakaa nesi, dada mpole tu. Mlango wake ulishavunjwa mara moja akiwa zamu, wakabeba tivii na mtungi wa gesi. Akaja na mbwa, wa kawaida huyu wa mtaani, rangi ya udongo, akamwita Askari. Mzee mwenye nyumba alipomuona alisimama pale uani hakusema kitu. Jioni akamwita yule dada: mbwa atoke au yeye atoke.

Mitandaoni mngemla yule mzee mzimamzima, najua. Lakini mzee ni mtu wa swala tano, na anapita uani hapohapo kuchukua udhu. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Hapo mzee hana roho mbaya, ni ibada yake, na nyumba ni yake. Dada naye alikuwa amebakiza miezi minne aliyokwishailipia, na mzee hela yenyewe alishaiweka kwenye mabati. Nani anamrudishia?

Wakafika mpaka kwa mjumbe. Mjumbe alikuwa na akili, alimuuliza mzee swali moja tu: kwenye dini mbwa wa kulinda hana nafasi? Mzee akakubali, wa kulinda na wa kuwinda wapo. Basi wakapatana. Banda likajengwa nyuma, karibu na tanki, kwa hela ya dada. Mchana kamba, anafunguliwa watu wakishalala, anafungwa kabla ya alfajiri. Na achanjwe kichaa cha mbwa, kadi aione mzee. Bwana mifugo akaja, akachoma, kadi ikaandikwa.

Ile kadi ilikuja kufanya kazi. Mtoto wa chumba cha kwanza alimpokonya Askari mfupa, akang'atwa mkono. Uani kukawa hakukaliki. Mama mtu analia, wengine wameshashika mawe. Yule dada hakubishana na mtu, alimshika mtoto akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, sisi tunaona anapoteza muda. Kumbe ndivyo inavyotakiwa, kabla hata ya kukimbia hospitali, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa. Kisha akawapeleka, sindano zote za mtoto akalipa yeye. Mbwa akafungwa siku kumi akiangaliwa, hakuonyesha dalili yoyote. Mtoto mzima, yuko shule.

Mi nilidhani mzee atapata sababu yake pale. Hakusema. Alichosema ni kwamba kamba ifupishwe.

Mwezi wa nne dada akapata uhamisho. Huko anakokwenda alipiga simu nyumba tano, safari hii akiuliza kabla ya kulipa, na zote zikakataa mbwa. Huku mtaani kwa kawaida hapo ndiyo mbwa anaachwa, anageuka wa jalalani, anapigwa mawe, ingawa tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama toka 2008 inayokataza kumtesa mnyama. Dada alilia siku anaondoka, akamwachia mzee elfu ishirini ya chakula.

Askari bado yupo bandani. Mzee hamgusi, anamsukumia ugali na vichwa vya dagaa kwa fimbo, na usiku tunamsikia anamwita "wewe mpangaji usiyelipa". Chumba cha tatu kimepata mtu mpya, dalali hakumwambia habari za mbwa. Kadi ninayo mimi, nimeibandika nyuma ya mlango. Chanjo inaisha mwezi wa tisa, na hapa ndani vyumba sita hakuna aliyesema nani atalipia nyingine.